Yeye Hakuwa na Gitaa



Mwezi wa Novemba mwaka 2025, mpwa wangu anayeishi Marekani alinitumia kwa simu albamu nzima ya nyimbo. Mpwa huyo alizaliwa huku kwetu Burungu, akakulia katika kambi ya wakimbizi ugenini, akaoa huko, na kutoka huko akapelekwa Marekani pamoja na mkewe na watoto wawili. Chini ya nyimbo alikuwa ameandika maneno machache: “Mjomba, sikiliza. Mzungu huyu anasema mambo yangu.” Wakati huo dada yangu alikuwa ameshanieleza kwamba ndoa ya mwanawe imevunjika. Mke alikuwa amehamia mji mwingine, na watoto alikwenda nao.

Nilisikiliza usiku, nyumba ikiwa imelala, kwa simu iliyokuwa imechajiwa mchana kwa paneli ya jua. Kiingereza changu ni kidogo sana, maana sisi tulisomeshwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo mpwa wangu alinifafanulia wimbo mmoja mmoja kwa ujumbe wa sauti, na kwa siku nne tukawa mwalimu na mwanafunzi, ila safari hii mwanafunzi nilikuwa mimi.

Mwimbaji anaitwa Jason Isbell, mzaliwa wa jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, mwaka 1979. Muziki wake huitwa Americana. Ni muziki uliotokana na nyimbo za watu wa mashambani na vibarua, wenye gitaa, fidla na banjo. Na banjo yenyewe ilitokana na ala ambazo Waafrika waliopelekwa utumwani walizikumbuka kutoka kwao. Albamu hiyo inaitwa Foxes in the Snow, nayo ilitoka tarehe 7 Machi 2025. Kwa miaka mingi Isbell alikuwa akipiga pamoja na bendi yake. Safari hii aliingia studio mjini New York peke yake, akiwa na gitaa moja lililotengenezwa mwaka 1940, akarekodi nyimbo 11 kwa siku tano. Humo hamna ngoma wala sauti ya pili. Ndoa yake na Amanda Shires, mwimbaji na mpiga fidla aliyekuwa akipiga naye katika bendi, ilikuwa imevunjika baada ya miaka kumi. Wana binti mmoja.

Si nyimbo zote za albamu hiyo zinazozungumzia kuachana. Nyingine zinatazama mapenzi mapya. Lakini zile za kuachana ndizo mpwa wangu alizonirudishia mara kwa mara. Mmoja ulinishika zaidi ya mingine. Mwaka 2013, alipokuwa ametoka kuacha pombe, Isbell alitoa albamu yenye wimbo wa kumshukuru mwanamke huyo aliyesimama upande wake katika vita vile. Wapo watu walioupigisha wimbo huo hata arusini mwao. Sasa ndoa haipo, wimbo upo. Katika albamu hii mpya anarudi kwa nyimbo zake za wakati wa furaha na kusikitika kwamba hakuna tena awezaye kuzisikia kama zilivyosikika siku zile, hata yeye mwenyewe. Sisemi kwamba albamu haina uchungu. Mahali pamoja analalamika kwamba rafiki za mkewe wanamtwika yeye lawama yote. Ni mtu aliyeumia, na mtu aliyeumia hasemi kwa mizani iliyo sawa.

Siku ya nne mpwa wangu alitaja jambo kama mtu apitaye tu. “Mke wake naye ametoa albamu yake,” akasema. Nikamwuliza kwa nini hakunitumia. Akacheka kidogo, akajibu kwamba hakuisikiliza. Nikamwomba anitumie, naye akaituma siku ya pili yake. Inaitwa Nobody's Girl, ilitoka mwezi wa Septemba mwaka huohuo, na humo mwanamke anasimulia machungu yaleyale akiwa amesimama upande wa pili. Sikuelewa maneno yote, wala sikuyahitaji. Nilizima simu, nikakaa gizani muda mrefu, kwa sababu ambayo nitawaeleza sasa, ingawa inaniaibisha.

Mtu mmoja na gitaa lake si jambo la kigeni kwetu. Mwaka 1952, mjini Jadotville, ndio Likasi ya leo, kijana mmoja aliyeitwa Mwenda Jean-Bosco alirekodiwa akiimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa peke yake, vidole vyake vikifanya kazi ya watu watatu. Muziki wake ulivuka mipaka hata mwaka 1969 akaalikwa kupiga Newport, Marekani, katika tamasha kubwa la nyimbo za asili. Katika utoto wangu, kila kilima cha Masisi kilikuwa na kijana mmoja aliyetaka kuwa Mwenda. Kwenye kilima chetu kijana huyo alikuwa mimi. Gitaa langu lilikuwa la mbao za sanduku, na nyuzi zake zilitolewa katika waya wa breki za baiskeli.

Mwaka 1990 nilipata diploma ya ualimu, nikaanza kufundisha, na mwaka huohuo nikachumbia binti wa kilima kinachotazamana na chetu. Wazee walikubaliana hesabu ya ng'ombe. Baba yangu alitoa wa kwanza. Waliobaki niliahidi mimi, kijana mwenye diploma. Lakini mshahara wa mwalimu wa Zaire siku zile ulichelewa miezi na miezi, na ulipofika, bei za sokoni zilikuwa zimeshaupita mbali. Mwaka wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza. Katikati ya mwaka 1992 wazazi wake walirudisha ng'ombe wetu kwa heshima zote, wakamwoza mwanamume mwingine aliyeweza kukamilisha mahari.

Nilitunga wimbo kwa usiku mmoja. Ndani yake msichana amesimama sokoni na mizani, anawapima wanaume kwa uzito wa ng'ombe wao, na mwalimu maskini anatupwa kando kama kiazi kilichooza. Nikampa msichana huyo jina: Mizani. Sikutaja jina lake la ubatizo, ila haikuwa lazima, kila mtu alijua. Niliuimba kwa mara ya kwanza katika arusi ya rafiki yangu. Watu walicheka, wakaniomba niurudie, nikaurudia mara tatu. Baada ya mwezi mmoja watoto waliochunga ng'ombe walikuwa wakiuimba mabondeni, na akina mama wakiuimba njiani kwenda soko la Kitchanga. Yeye akaacha kwenda sokoni. Akawa anateka maji alasiri, saa ambayo kisima hakina watu.

Sasa nitawaambia yale ambayo wimbo wangu haukusema. Haukusema kwamba mshahara ulipopatikana mara mbili, mara zote mbili niliunywa pamoja na wenzangu. Wala haukusema kwamba kwa miezi saba sikukanyaga nyumbani kwao, kwa aibu ya kwenda mikono mitupu. Mara mbili binti yule alinitumia ujumbe kupitia kwa dada yangu kwamba anataka kuniona, nami sikujibu. Hilo pia niliacha kuliimba. Wimbo ulikuwa na beti sita, na katika beti zote sita mimi sikufanya kosa hata moja.

Ufundi huo sikuuzua mwenyewe. Nilikuwa na miaka 15 mwaka 1985, Franco na bendi ya O.K. Jazz walipotoa Mario, wimbo mrefu unaomkemea kijana anayeishi kwa jasho la mwanamke tajiri aliyemzidi umri. Wazee wenu wanaukumbuka vizuri. Nchi nzima iliuimba, na jina Mario likaacha kuwa jina, likawa tusi. Hata leo mtu akiitwa hivyo, watu wanaelewa. Mimi niliona nguvu hiyo nikaitamani. Sikuona tofauti iliyopo. Mario wa Franco alikuwa sura ya tabia iliyoenea katika miji yetu. Mizani wangu alikuwa binti wa jirani, mwenye njia moja tu ya kwenda kisimani.

Nilikuwa na mfano mwingine mkononi, nami sikuutazama. Tulipokuwa tukijifunza ualimu, tulifundishwa kuimba Malaika kwa sauti nne. Wimbo huo ulienea Afrika Mashariki kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya, kisha Miriam Makeba wa Afrika Kusini akaufikisha duniani. Kuhusu mtunzi kulikuwa na ubishi: Adam Salim alidai kwamba aliutunga yeye katika miaka ya 1940, kwa ajili ya msichana aliyempenda ambaye wazazi wake walimwoza tajiri. Yeyote aliyeutunga, hali yake ilikuwa hali yangu hasa: kijana anataka kuoa, mfuko ni mtupu, na mpenzi anamponyoka. Lakini tazameni alivyofanya. Lawama aliitwika umaskini wake, na msichana akampa jina ambalo mwanamke yeyote angefurahi kuitwa mpaka uzeeni. Nimeuimba wimbo huo labda mara mia. Nilijali tu kwamba sauti ya tatu isishuke.

Mwezi wa Machi mwaka 1993 vita vilianza Walikale, vikafika Masisi, na vilima vyetu vikatawanyika. Gitaa liliteketea pamoja na nyumba. Miaka ikapita, nikaoa, nikapata watoto, nikawa katekista. Nilifikiri wimbo ule umekufa, kama mambo mengine mengi yalivyokufa mwaka ule.

Mwaka 2009 tulikuwa wakimbizi tena, safari hii katika kambi ya Mungote, Kitchanga. Asubuhi moja nilikuwa katika mstari wa maji, na mwanamke aliyekuwa mbele yangu akageuka. Alikuwa yeye.

“Mwalimu,” akaniambia, “bado unapiga gitaa?”

“Hapana, mama. Tangu vita vya kwanza.”

“Vizuri,” akasema. Akasogeza bidoni lake, halafu, bila kupandisha sauti, akanieleza yale ambayo kwa miaka 17 sikuwahi kuyauliza. Mwaka ule mama yake alikuwa mgonjwa. Baba yake alikuwa ameuza shamba la kwanza na kubakiwa na moja. Mara mbili alinitumia ujumbe ili aniambie kwamba hata ng'ombe wawili tu wangetosha, kwamba amezungumza na baba yake naye amekubali. Nilipokaa kimya alidhani nimepata mwingine. Ng'ombe wa mume wake ndio waliolipa hospitali. “Na baada ya hayo nikasikia wimbo,” akasema. “Ningekujibu kwa nini? Wewe ulikuwa na gitaa. Mimi nilikuwa na nini?”

Nilimwomba radhi palepale. Akanitazama, akasema: “Unaniomba radhi hapa kwenye maji, tuko wawili. Wimbo uliuimba arusini.”

Nilikwenda kwa padri nikaungama, naye akanielekeza kulekule mwanamke yule alikonielekeza. Kwa hiyo, baada ya kuwaomba ruhusa yeye na mumewe, Jumapili moja nilisimama mbele ya shirika letu la kambini, wazee wa vilima vyote viwili wakiwepo, nikataja pombe, miezi saba, na ujumbe wa mara mbili ambao sikuujibu. Nilikuwa nimefundisha katekisimu zaidi ya miaka kumi, na sikumbuki siku nyingine ambayo magoti yangu yalitetemeka vile. Mume wake alinipa mkono siku ileile. Yeye hakunipa. Alinipa miaka miwili baadaye, katika msiba wa baba yangu, na hatukusema neno.

Msidhani kwamba hapo mambo yaliisha. Mwaka jana nilimsikia mzee mmoja sokoni akimwita Mizani, bila ubaya wowote, kama mtu anavyoita jina la kawaida. Naye aliitika. Yule mzee hajui hata kwamba jina hilo lilitoka katika wimbo, wala hamjui aliyelitunga. Wimbo wenyewe umesahaulika, ila jina bado liko katika soko lile, wala sina uwezo wa kulitoa.

Sasa mnaelewa kwa nini albamu mbili za Wamarekani wale ziliniweka macho usiku. Hao wawili wameachana, na kila mmoja ana ala yake na wasikilizaji wake. Mwanamume alisema, na kabla mwaka haujaisha mwanamke naye akasema. Anayetaka kuelewa anaweza kusikiliza pande zote mbili, na hata asipojua nani mkweli, atajua walau kwamba wapo wawili. Kwetu mara nyingi haiwi hivyo. Anayejua kuimba, au mwenye rafiki wengi, au aliyetangulia kufika kwa wazee, huyo ndiye hadithi yake inayobaki.

Nilimpigia simu mpwa wangu nikamsimulia haya yote. Hakuwa anayajua, ingawa mama yake ndiye aliyebeba ujumbe ule. Akanyamaza. Kisha akakiri kwamba naye ametayarisha kitu. Hakikuwa wimbo, kilikuwa ujumbe wa sauti wa dakika 14, wenye makosa yote ya mke wake kwa mpango, uwe wa kutumwa katika kundi la simu la ukoo, lenye watu zaidi ya sitini, kuanzia Goma hadi Kampala hadi huko kwao Marekani.

“Mke wako yumo katika kundi hilo?” nikamwuliza.

“Alikuwemo. Nilimtoa.”

“Basi hana gitaa,” nikasema.

Alielewa. Nikamwuliza pia watoto watakuwa na umri gani siku mtu wa ukoo atakapowasikilizisha sauti ile. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameshautuma kwa watu wawili, kuwaomba shauri. Nikamwambia aanze na hao wawili: awapigie, awaeleze na yale ambayo ujumbe haukusema. Amempigia mmoja. Wa pili bado, naye hujibu kwamba anatafuta siku nzuri. Namfahamu mtu anayetafuta siku nzuri. Mimi niliitafuta miaka 17.

Vijana wangu, siwakatazi kuimba machungu yenu. Aliyeachwa ana haki ya kulia, na kilio kilichotungwa vizuri humsaidia hata mtu wa mbali asiyemjua mwimbaji. Mpwa wangu alipata faraja katika sauti ya mtu wa Alabama ambaye hatakutana naye kamwe. Zaburi zenyewe zimejaa watu wanaolalamika, na wengi wao hawachagui maneno laini. Ninachowaomba ni kidogo. Kabla hujatuma, kabla hujaimba, kabla hujaweka picha na maneno katika simu ili kijiji kizima kione, tafuta ubeti ambao wewe mwenyewe umekosa. Ukikuta wimbo wako hauna ubeti huo, ujue bado haujaisha kutungwa. Na jiulize yule unayemwimba atajibu kwa nini, na mbele ya nani.

Katika mkutano wenu wa juma hili, zungumzeni maswali haya mawili, na wavulana wawape wasichana nafasi ya kusema kwanza. Je, katika parokia yetu kuna mtu ambaye bado anaitwa kwa jina alilobandikwa na mpenzi aliyeachana naye? Na kama tunamjua, ni nani kati yetu atakayeanza wiki hii kumwita kwa jina lake?

Mimi nimeanza. Kila nikikutana naye sokoni namsalimu kwa jina lake la ubatizo, kwa sauti, ili wanaouza karibu nasi wasikie.